P0500: kabla hujanunua sensa ya mwendo, fuata ishara

Mshale wa spidomita umelala kwenye sifuri na gari linakimbia. Taa ya injini imewaka, gia za otomatiki zinaingia kwa kishindo, na mashine ya kusoma hitilafu inaonyesha P0500, pembeni yake maneno yanayotaja sensa ya mwendo. Katika gereji nyingi kinachofuata ni kununua sensa. Inafungwa, namba inafutwa, gari linatolewa barabarani, na kabla halijafika mbali mshale umerudi kulala. Sensa iliyotolewa ilikuwa nzima.

Inauma, kwa sababu hitilafu hii ni miongoni mwa zile zinazopimika vizuri kuliko nyingi kwenye gari. Ishara ya mwendo ina chanzo chake, ina njia inayofuatika, na ina watumiaji wanaojulikana. Mita ya umeme, kifaa cha kusoma data, jeki na stendi zake, na mchoro wa nyaya wa gari husika vinatosha kujua ishara inapotelea wapi. Sensa mpya inanunuliwa baada ya hapo, kama kweli inahitajika.

Kompyuta inaona nini

Kompyuta ya injini haiioni sensa. Inachoona ni volti kwenye pini yake moja, zikipanda na kushuka, na kadiri mapigo hayo yanavyokuwa mengi kwa sekunde ndivyo inavyohesabu mwendo mkubwa zaidi. Injini ikiwa inazunguka kwa kasi, mzigo ni mkubwa na gia imeingia, halafu pini hiyo imetulia tuli, kompyuta inatambua kwamba hesabu hazikubaliani. Inasubiri muda uliopangwa na mtengenezaji, na kimya kikiendelea inaandika P0500.

Kimya hicho kinaweza kuletwa na sensa iliyokufa. Kinaweza pia kuletwa na fyuzi iliyoungua, waya uliokatika ndani ya ganda lake, soketi iliyoingia maji, kigia cha plastiki kilichokwisha meno, au redio iliyounganishwa vibaya. Kwa kompyuta vyote hivyo ni kitu kimoja. Namba imekutajia mzunguko wa umeme wenye shida. Kipuri kibovu bado hakijatajwa.

Namba za jirani hupuuzwa, ilhali zimebeba habari. P0501 hutoka pale ishara ipo lakini haiendani na hali ya gari. P0502 ni ishara iliyo chini kuliko inavyotakiwa. P0503 ni ishara inayokatikakatika, inayorukaruka au iliyo juu kupita kiasi, na mimi nikiiona P0503 huanza na nyaya na soketi, kwa kuwa sensa iliyokufa kabisa hairukiruki. Kwenye giaboksi za otomatiki kuna kundi lingine, P0720 hadi P0723, linalohusu sensa ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, na P0715 kwa ile inayoingia. Namba hizi zinafanana kutoka kampuni moja ya magari hadi nyingine kwa sababu ya mfumo wa OBD-II, wa gari kujichunguza hitilafu lenyewe, uliokuwa wa lazima kwa magari mapya ya abiria yanayouzwa Marekani tangu mwaka wa modeli 1996, na Ulaya ikafuata na mfumo wake kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Kabla hujafuta namba yoyote, fungua ukurasa wa data zilizogandishwa. Kompyuta huhifadhi hali ya gari kwa wakati ule hitilafu ilipoandikwa: mizunguko ya injini, joto la maji, mzigo, mwendo. Ukikuta mwendo 0 na injini kwenye mizunguko 2,500 ikiwa ya moto, umeshajua kwamba jaribio lako nalo lifanyike gari likiwa la moto. Anayefuta namba kwanza amefuta ushahidi pekee wa tukio ambalo hakuliona.

Ishara inatoka wapi na inapita wapi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu "sensa ya mwendo" si kifaa kilekile kwenye kila gari.

Magari ya zamani yalikuwa na kebo ya chuma iliyozungushwa na giaboksi hadi nyuma ya spidomita. Kwenye magari ya Kijapani kebo hiyo ilifuata kipimo maalumu: gari likienda kilomita 60 kwa saa, kebo inazunguka mara 637 kwa dakika. Kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kila dakika, kwa hiyo ni mizunguko 637 kwa kila kilomita. Kebo ilipoachwa na nafasi yake kuchukuliwa na sensa ya umeme, kipimo hakikubadilika. Sensa ikawa inatoa mapigo manne kwa kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Namba hiyo ina kazi kubwa kwenye upimaji, tutaikuta tena mbele.

Sensa ya aina hiyo hukaa kwenye giaboksi au karibu na difu, na mara nyingi huzungushwa na kigia kidogo cha plastiki. Nyingine hazina kigia. Zinachungulia tu meno ya gurudumu la chuma linalozunguka ndani.

Kwenye magari mengi ya kisasa sensa hiyo haipo kabisa. Mwendo unapimwa na sensa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kuganda unapofunga breki) zilizo kwenye magurudumu, kompyuta ya ABS inafanya hesabu, kisha inawapelekea wengine kwa nyaya mbili za mtandao wa ndani wa gari, CAN. Mtu anaweza kulala chini ya gari kama hilo akitafuta sensa kwenye giaboksi hadi jioni. Mchoro wa nyaya wa gari husika unamaliza ubishi huo mara moja, ndiyo maana siuchukulii kama kitu cha ziada.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani limewapotosha mafundi wengi kuliko jingine lolote: ishara inaweza kupita kwa mtu wa kati. Kwenye magari mengi ya Toyota, kwa mfano, ishara huenda kwanza kwenye spidomita, na spidomita ndiyo inayoitengeneza upya na kuituma kwenye kompyuta ya injini. Hapo sensa inaweza kuwa nzima, mshale ukapanda na kushuka vizuri kabisa, na P0500 ikatoka kwa sababu bodi ya spidomita haitoi upande wa pili. Waya huohuo wa mwendo hupenda kudukuliwa na wafungaji wa redio zenye ramani, kengele za wizi na vifaa vya kufuatilia gari. Kifaa kimoja kikiwa na shoti ndani kinauvuta waya wote hadi sifuri, na kila anayeutegemea anakosa mwendo kwa pamoja. Gari likija na hitilafu ya mwendo na kuna kitu kimeongezwa kwenye dashibodi, chomoa hicho kwanza kisha jaribu tena. Hakuna kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Linganisha mashahidi kabla ya kulala chini ya gari

Watumiaji wa ishara ni wengi, na kila mmoja analalamika kwa namna yake. Spidomita inalala na kilomita zinaacha kuhesabika. Otomatiki inakosa kujua gia ipi inafaa, inabaki kwenye gia moja ya kujilinda au inabadilisha kwa mshtuko. Mfumo wa kushikilia mwendo unakataa kuwaka. Usukani wa umeme unaweza kuwa mzito au mwepesi pasipofaa. Milango inayojifunga yenyewe gari likishika kasi haijifungi. Kwenye baadhi ya magari injini inazima unaposimama, kwa kuwa kompyuta hutumia mwendo kuamua lini ianze kuishikilia injini kwenye mizunguko ya chini.

Usiishie kuorodhesha dalili. Jiulize nani anapata mwendo na nani haupati. Unganisha kifaa cha kusoma data, weka simu yenye GPS pembeni, na mtu mwingine aendeshe wakati wewe unatazama. Data za kawaida za OBD hutoa mwendo kwa namba kamili kuanzia 0 hadi 255 za kilomita kwa saa. Kama mshale umelala na kifaa kinasoma 48 sawa na GPS, ishara inafika kwenye kompyuta na shida iko kwenye spidomita au njia inayokwenda huko. Mshale ukiwa unafanya kazi na kifaa kinasoma 0, tazama kipande cha njia kilicho kati ya spidomita na kompyuta. Vyote viwili vikisoma 0, rudi nyuma kuelekea chanzo. Vyote viwili vikiruka kwa pamoja na kwa wakati uleule, chanzo ndicho kinachoruka.

Safari hiyo fupi mara nyingi hufuta nusu ya washukiwa. Inanishangaza jinsi inavyorukwa.

Tahadhari mbili juu ya kulinganisha. Spidomita kuonyesha zaidi kidogo ya GPS ni kawaida: Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari hairuhusu spidomita kusoma chini ya mwendo halisi, ila inairuhusu kuzidi kwa hadi asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 kwa saa juu yake. Na kosa linalokwenda kwa uwiano uleule kwenye kila mwendo si la sensa. Sensa hutoa mapigo au haitoi. Haiwezi kuamua kupunguza asilimia nne kila mahali. Kosa kama hilo hutoka kwenye tairi, kigia chenye idadi tofauti ya meno, au spidomita ya gari jingine. Ukitoa tairi za 185/65 R15 ukafunga 205/65 R15, kipenyo kinatoka takriban milimita 622 hadi 648, na mshale utasoma 100 wakati gari linakwenda kama 104.

Macho na mikono

Fyuzi kwanza, hasa ile ya dashibodi, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayolisha sensa pia. Kisha soketi ya sensa. Ichomoe uitazame kwa taa: pini zenye rangi ya kijani, maji, mafuta ya giaboksi yaliyopanda kupitia sensa yenyewe, pini iliyorudi nyuma isigusane na mwenzake. Fuata nyaya kwa mkono mahali zinapopita karibu na ekseli, bomba la moshi au kibano cha bodi. Waya unaweza kukatika ndani huku ganda likiwa zima. Ukiuvuta kwa upole, sehemu iliyokatika inarefuka kama mpira.

Toa sensa. Kama ina sumaku kwenye ncha, huenda ukakuta imevaa ndevu za vumbi la chuma. Kiasi kidogo ni cha kawaida, futa. Vipande vyenye ncha kali ni habari nyingine kabisa, hiyo ni habari ya giaboksi. Kama ina kigia, kizungushe na utazame kila jino. Plastiki iliyokaa kwenye mafuta ya moto kwa miaka hukakamaa, na meno yanakwisha au kigia kinateleza kwenye shafti yake. Sensa mpya haitakisaidia chochote kigia hicho, isipokuwa imekuja nacho.

Na hapa kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sensa zenye kigia. Ikiwa nje ya giaboksi, irudishe kwenye soketi yake, washa swichi bila kuwasha injini, kisha zungusha shafti yake kwa drili ya mwendo mdogo. Kwa gari linalofuata kile kipimo cha 637, drili inayozunguka kama mara 600 kwa dakika inatakiwa kupandisha mshale karibu na 57. Mshale ukipanda, sensa ni nzima, nyaya ni nzima, spidomita ni nzima, na kosa liko kwenye kigia au kinachokizungusha ndani ya giaboksi. Jaribio moja limepima mfumo mzima isipokuwa meno. Ziba tundu la giaboksi kwa kitambaa safi wakati huo, uchafu usiingie.

Kupima umeme

Hesabu nyaya za sensa. Tatu, karibu kila mara, ni sensa yenye kielektroniki ndani yake, ya aina ya Hall (inayohisi sumaku) au inayofanana nayo: waya wa chakula, waya wa ethi, waya wa ishara. Mbili kwenye giaboksi kwa kawaida ni koili iliyozunguka sumaku, isiyohitaji chakula. Meno ya chuma yakipita mbele yake inazalisha umeme wake yenyewe, mdogo gari likienda taratibu na mkubwa likikimbia. Kila aina ina njia yake ya kupimwa, na kuzichanganya ndiko kunakoleta majibu ya ajabu.

Kwa sensa ya nyaya tatu, chomoa soketi, washa swichi, pima upande wa gari. Waya wa chakula uwe na volti za betri, au 5 kwenye baadhi ya magari, kati yake na ethi ya soketi hiyohiyo. Usiweke ncha nyeusi ya mita kwenye bodi ya gari na kuridhika, maana utakuwa umepima chakula na kuiacha ethi bila kuipima. Kuna mtego mwingine: mita ya umeme haitumii mkondo wowote wa maana, hivyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma volti 12 safi na kushindwa pale sensa inapoanza kuvuta. Kama chakula kinatoka kwenye fyuzi moja kwa moja, kiwekee taa ndogo ya majaribio. Ikiwaka kwa unyonge, waya au muungano umechoka. Taa hiyo isiguse waya wa ishara wala waya wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta. Huko inaweza kuua kompyuta.

Pima waya wa ishara soketi ikiwa bado imechomolewa. Kwenye magari mengi utakuta volti 5 au karibu na za betri, zinazotumwa na kompyuta au spidomita. Kazi ya sensa ya aina hii ni kuzivuta volti hizo chini na kuziachia, mara kwa mara. Usipozikuta na mchoro unasema ziwepo, acha kuilaumu sensa: waya umekatika, una shoti ya ethi, au anayezituma ndiye mwenye tatizo.

Zikiwepo, unaweza kujifanya wewe ndiye sensa. Swichi ikiwa imewashwa, chukua kipande cha waya na uguse ethi kwa waya wa ishara, uachie, uguse tena, kwa haraka. Tazama kifaa cha data. Kwenye gari la mapigo 2,548, kilomita 10 kwa saa ni mapigo kama 7 kwa sekunde, hivyo mkono wenye kasi ya mapigo matatu au manne kwa sekunde unatakiwa kuonyesha mwendo wa mtu anayetembea. Ukiona 4 au 5 zikitokea kwenye kioo, njia yote kuanzia soketi hadi kompyuta imethibitishwa kuwa nzima. Jaribio hili ni la sensa ya nyaya tatu yenye volti kwenye waya wa ishara pekee. Hakikisha kwa mchoro kwamba umeshika waya wa ishara, maana ukigusisha waya wa chakula na ethi umechoma fyuzi.

Mwisho, rudisha soketi, chomeka ncha nyembamba ya mita kwa nyuma ya waya wa ishara, na zungusha magurudumu yanayoendeshwa. Volti ziruke kati ya karibu sifuri na zile ulizozikuta mwanzo. Ukizungusha kwa kasi, mita itashindwa kufuata na kuonyesha wastani, takriban nusu. Kwa oskiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, utaona ngazi safi zenye kona, na hapo ndipo pigo lililokosekana linajionyesha lenyewe.

Namna ya kuzungusha inahitaji maneno yake. Magurudumu mawili yakiwa hewani na difu ni ya kawaida, ukizungusha moja la pili linarudi kinyume, na ndani ya giaboksi hakuna kinachotembea. Utaona sensa "haifanyi kazi" na si kweli. Acha gurudumu moja chini, inua moja tu, gia ikiwa huru, au N kwa otomatiki. Gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi. Kuwasha injini na kuingiza gia gurudumu likiwa hewani ni jambo la lifti ya gereji, na kwa gari la magurudumu manne yanayoendeshwa, yote manne yawe hewani au usifanye. Gurudumu moja likishika ardhi, gari linaruka kutoka kwenye stendi likiwa na mtu chini yake.

Sensa ya nyaya mbili yenye koili hupimwa omu zake, yaani ukinzani wake, ikiwa imechomolewa. Nyingi zina kati ya mamia ya omu na elfu mbili na zaidi kidogo, lakini namba halali ni ya kitabu cha gari lako. Mita ikionyesha waya umekatika, koili imekufa. Ikionyesha mguso kati ya koili na ganda la chuma, nayo imekufa. Omu nzuri hazitoshi kuisafisha, kwa sababu sumaku inaweza kudhoofika na koili ibaki nzima. Geuza mita kwenye volti za AC, zungusha gurudumu, na volti zipande kadiri unavyoongeza kasi. Pengo kati ya ncha ya sensa na meno likiwa pana kuliko inavyotakiwa, ishara hupotea kwenye mwendo mdogo kwanza. Spidomita iliyokufa hadi 20 kisha ikaamka ghafla ni mfano mzuri wa hilo.

Magari yanayotegemea ABS

Sensa za gurudumu za kisasa zina nyaya mbili pia, na hapa mtu anayepima omu kwa mazoea anaweza kuiharibu sensa nzima. Hizi ni za kielektroniki: zinalishwa na kompyuta ya ABS na hujibu kwa kubadilisha mkondo, kwa kawaida kati ya miliampia 7 na 14. Omu zake hazina maana yoyote. Njia iliyo salama ni kutazama data za ABS kwa kifaa kinachoweza kuingia huko, magurudumu manne kwa wakati mmoja, gari likienda moja kwa moja kwa mwendo mdogo. Lile linalobaki nyuma au kuruka ndilo lenye shida.

Lakini bado si lazima iwe sensa. Pete ya meno iliyopasuka kwa kutu huruka kila mzunguko wa gurudumu, na dalili yake inajulikana vizuri: breki zinatetemeka mguuni kwenye mita za mwisho kabla ya kusimama, barabara ikiwa kavu, kwa sababu kompyuta inadhani gurudumu limeganda. Beringi nazo nyingi hubeba pete ya sumaku upande mmoja. Ikifungwa kinyume, sensa inatazama upande usio na kitu na haisomi chochote. Gari lililoanza kuonyesha taa ya ABS siku ileile lilipobadilishwa beringi limeshajieleza. Kibanio kidogo cha karatasi kikigusishwa kwenye upande wenye sumaku hushika kidogo. Upande wa pili hakishiki.

Magurudumu yote manne yakisoma vizuri kwenye ABS na kompyuta ya injini haina mwendo, tafuta kwenye mtandao. Betri ikiwa imetolewa, pima omu kati ya nyaya mbili za CAN kwenye soketi ya OBD, pini ya 6 na ya 14, kwa gari ambalo mtandao wake unafika hapo moja kwa moja. Takriban 60 ni sawa, kwa kuwa kuna vikinza viwili vya omu 120 vilivyofungwa sambamba, kimoja kila mwisho wa mtandao. Ukipata 120, upande mmoja umekatika.

Inayokuja na kuondoka

Hitilafu isiyodumu ndiyo inayowauzia watu sensa tatu mfululizo. Ina tabia mbili kuu. Ya kwanza ni joto: elektroniki ndani ya sensa hufanya kazi ikiwa baridi na kukata ikipata moto wa giaboksi, kisha gari likipoa kila kitu kinarudi. Ipashe moto sensa kwa mashine ya kukaushia nywele huku ukitazama ishara, badala ya kusubiri gari likuchagulie wakati. Ya pili ni mtikisiko: tikisa, kunja na vuta fungu la nyaya kipande kwa kipande, data ikiwa inachorwa kwenye kioo. Vifaa vidogo vya bei nafuu husoma polepole, na pengo fupi linaweza kupita katikati ya masomo mawili bila kuonekana. Punguza data unazosoma hadi mwendo peke yake, na kifaa kitaharakisha.

Mshale unaopanda unapokanyaga mafuta gari likiwa limesimama ni kelele za umeme zinazoingia kwenye waya wa ishara, kutoka kwa oltaneta au nyaya za plagi. Nyaya za sensa ya koili husokotwa pamoja, au kufunikwa ganda la chuma, kwa ajili hiyohiyo. Aliyewahi kuzirekebisha kwa waya wa kawaida ulionyooka ndiye aliyeifungulia kelele mlango. Zisokote upya, ziweke mbali na oltaneta, na uhakikishe ganda la chuma limefungwa ethi kama mchoro unavyoonyesha.

Ukishapata kosa na kulirekebisha, futa namba na uliendeshe gari katika hali ileile iliyoandikwa kwenye data zilizogandishwa, likiwa la moto kama lilikuwa la moto. Kompyuta nyingi hutaka kuona hitilafu kwenye safari mbili kabla ya kuwasha taa, kwa hiyo taa kubaki imezimwa kwenye mzunguko wa kwanza haithibitishi kitu. Fungua ukurasa wa hitilafu zinazosubiri. Ukiwa mtupu baada ya safari ya pili, na mstari wa mwendo kwenye kifaa hauna pengo kuanzia mwendo wa kutembea hadi wa barabara kuu, rudisha vifuniko.